Je, Wajua? Taji Kichwani, Mfuko kwa Nani?

Kuanzia miaka ya 1500 hadi mwishoni mwa miaka ya 1700, wafalme wengi wa Ulaya walipenda kusema kwamba wamewekwa na Mungu, hivyo hakuna binadamu wa kuwauliza. Ukisoma hotuba zao utadhani kila walichotamka asubuhi kilikuwa kimetendeka kabla jua halijazama. Ukipekua daftari za hazina zao unakutana na mtu mwingine kabisa: anadaiwa, anauza vyeo, anawabembeleza mahakimu, anayeyusha samani zake apate mshahara wa askari. Vita vilikula fedha, na mkono mtupu haulambwi. Hapa tumekukusanyia visa vya watawala waliotaka kutawala peke yao na vya watu waliowafunga kamba. Unaposoma, tupia jicho mfuko: nani ameushika, na kwa masharti gani.

Maneno maarufu ambayo hayamo kwenye kumbukumbu

Louis XIV wa Ufaransa anajulikana dunia nzima kwa kauli kwamba dola ni yeye. Inasimuliwa aliitamka Aprili 1655, akiwa kijana wa miaka 16, alipowaingilia mahakimu wa Paris na nguo zake za kuwindia. Kumbukumbu za kikao hicho zimehifadhiwa, na kauli hiyo haimo. Waliokuwa karibu na kitanda chake alipokuwa anakata roho mwaka 1715 walisimulia karibu kinyume chake: kwamba yeye anakwenda, dola inabaki. Alikuwa amekaa kwenye kiti miaka 72. Elizabeth II wa Uingereza, pamoja na umri wake mrefu, aliishia miaka 70.

Mfalme mtoto aliyejifanya amelala

Louis XIV alirithi ufalme mwaka 1643, hajatimiza hata miaka mitano. Miaka mitano baadaye wakubwa na wadogo wakaasi kwa sababu ya kodi na madaraka, na fujo hizo zikadumu hadi 1653. Usiku mmoja wa Februari 1651 uvumi ulienea Paris kwamba mama yake anataka kumtorosha. Watu wakafika kwenye kasri la Palais-Royal wakitaka kumwona kwa macho yao. Malkia akaamuru wafunguliwe. Wakapita mmojammoja kando ya kitanda, wachuuzi na mafundi, wakimchungulia mtoto wa miaka 12 aliyefumba macho na kutulia tuli kama aliyelala fofofo. Inasemekana chini ya shuka alikuwa amevaa nguo zote, tayari kwa safari. Wataalamu wengi wa historia yake wanaamini hakuisahau hofu ya usiku ule, na kwamba ndiyo iliyomfanya auchukie mji wa Paris. Mwaka 1682 aliihamishia baraza yake Versailles, mahali ambapo baba yake alikuwa na nyumba ya kuwindia tu.

Heshima ya kushika mshumaa

Versailles makabaila waligombania mambo ambayo kwingine yangekuwa kazi ya mtumishi. Asubuhi mfalme alipoamka, mwenye cheo kikubwa kuliko wote waliohudhuria ndiye aliyepewa nafasi ya kumkabidhi shati. Usiku alipovua nguo, mfalme alitaja jina la mtu mmoja ashike kinara cha mshumaa. Aliyetajwa alivua glavu, akasogea mbele, akashika mshumaa kwa dakika chache huku wenzake wakimtazama kwa kijicho. Kesho yake habari ilikuwa imeenea kasri zima.

Michezo hiyo ilikuwa na hesabu ndani yake. Kabaila aliyekaa kwake mkoani alikuwa na ngome, wapanda farasi na wakulima wa kumfuata vitani. Aliyekaa Versailles alikuwa na chumba kidogo cha baridi, madeni ya fundi cherehani, na tumaini la kutupiwa jicho. Asiyeonekana hapo akiombewa jambo, mfalme alijibu kwamba mtu huyo yeye hamwoni kamwe, na ombi likaishia hapo.

Hata hivyo kulikuwa na kitu ambacho hakikumtii hata kidogo, nacho ni maji. Bustani zilikuwa na chemchemi nyingi za kurusha maji kuliko maji yenyewe. Mwaka 1684 ulikamilika mtambo wa Marly, wenye magurudumu 14 na pampu zaidi ya 200, wa kupandisha maji kutoka mto Seine. Hayakutosha. Basi mfalme akitembea bustanini, vijana wa mabomba walipigiana miluzi: chemchemi ya mbele ifunguliwe, aliyokwisha kuipa kisogo ifungwe.

Kitanda cha kulazimisha sheria

Amri ya mfalme wa Ufaransa haikuwa na nguvu mkoani mpaka mahakama kuu ya huko iiandike kwenye daftari lake. Mahakimu wakiona ina kasoro waliirudisha pamoja na barua ya malalamiko. Mfalme akishikilia, ilimbidi aende yeye mwenyewe, aketi pembeni mwa ukumbi juu ya rundo la mito chini ya kitambaa cha kuning'inizwa, na kuamuru iandikwe mbele ya macho yake. Kiti hicho kiliitwa kitanda cha haki. Louis XIV aliwapunguzia mahakimu nafasi ya kulalamika, lakini alipofariki tu wakairejesha.

Mbona hakuwafukuza? Kwa sababu kazi zao walikuwa wamezinunua. Serikali yenye njaa ya fedha iliuza vyeo vya uhakimu na uhasibu kama mtu anavyouza viwanja. Tangu 1604 mwenye cheo alilipa kila mwaka sehemu moja ya sitini ya thamani yake, naye akapata haki ya kumrithisha mwanawe. Kumwondoa kulitaka kumrudishia fedha zake, na fedha zilikuwa zimeshaliwa. Inasimuliwa kwamba waziri mmoja wa fedha alimwambia Louis XIV kwa utani kwamba kila mfalme anapounda cheo kipya, Mungu huumba mjinga wa kukinunua. Kwa hakika mjinga hakuwa mnunuzi: alikuwa amejipatia kazi ambayo mfalme hawezi kumnyang'anya.

Mwaka mmoja, mfalme mmoja, viapo viwili

Ukisimama mbele ya kuta za Fort Jesus pale Mombasa, umesimama mbele ya kazi ya mfalme mmoja wa Hispania. Ngome hiyo ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, wakati Ureno ilikuwa mikononi mwa Felipe II wa Hispania. Aprili 1581, katika mji wa Tomar, baraza la Wareno lilimkubali kuwa mfalme wao, naye akaapa kulinda sheria na desturi zao. Miezi mitatu tu baadaye, Julai 26, majimbo ya Uholanzi yaliyokuwa chini yake yalitoa hati ya kumkana. Hoja yao ilikuwa rahisi kwa mfugaji yeyote kuielewa: mfalme amewekwa awachunge watu kama mchungaji na kondoo, na akigeuka kuwa chui hawana deni naye tena. Ahadi ni deni, na Waholanzi waliona mdaiwa amegoma kulipa.

Kuna jingine. Waomani waliiteka ngome hiyo Desemba 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Mwaka huohuo lile baraza la Wareno lilimaliza kikao chake kilichoanza 1697, kisha halikuitwa tena kwa zaidi ya miaka 120. Dhahabu ya Brazil ilikuwa imeanza kumiminika Lisbon, na mfalme alichukua fungu lake la moja ya tano. Ana haja gani ya kuwaita watu awaombe kodi?

Natii, lakini sitekelezi

Amri za mfalme wa Hispania zilivuka bahari kwa miezi hadi Mexico na Peru, na mara nyingi zilifika zimeshapitwa na mambo. Maofisa wa huko walikuwa na desturi iliyokubalika kisheria. Ofisa aliipokea barua ya mfalme, akaiweka juu ya kichwa chake kama ishara ya heshima, kisha akatamka kwamba anaitii lakini haitekelezi. Maana yake ni kwamba mfalme hawezi kutaka dhuluma, kwa hiyo akiamuru jambo lenye madhara bila shaka hakupewa habari kamili, na ni wajibu wa mtumishi kungoja aelezwe upya. Barua zilikwenda na kurudi, na miaka ikapita.

Mlango ambao mfalme haingii

Fahali wawili hawakai zizi moja. Charles I wa Uingereza alitawala bila Bunge kutoka 1629 hadi 1640, akikusanya fedha kwa njia za kubuni, mojawapo ikiwa kodi ya manowari, ambayo kwa mazoea ililipwa na miji ya pwani na yeye akaipeleka hadi bara. Vita na Waskoti vilimmaliza mfuko, akalazimika kuwaita wabunge. Walipofika, walifika na madai.

Januari 4, 1642 aliingia ukumbini mwao na askari wakiwa mlangoni, akitaka kuwakamata wabunge watano. Akakiendea kiti cha Spika, akatazama huku na huku. Watano hao walikuwa wameshapewa habari na kutoroka kwa mashua katika mto Thames. Akamuuliza Spika, William Lenthall, wako wapi. Lenthall akapiga magoti, kwani aliyesimama mbele yake alikuwa mfalme, kisha akajibu kwamba mahali hapo hana jicho la kuona wala ulimi wa kusema ila vile Bunge litakavyomwagiza. Mfalme akatoka mikono mitupu.

Tangu siku hiyo hakuna mfalme wala malkia wa Uingereza aliyeingia katika ukumbi wa wabunge hao kikao kikiendelea. Bunge linapofunguliwa rasmi, mjumbe wa mfalme huenda kuwaita, na mlango hufungwa kwa kishindo mbele ya pua yake. Hugonga mara tatu kwa fimbo ndipo afunguliwe. Muda huohuo mbunge mmoja hukaa katika kasri la Buckingham kama mateka, mpaka mfalme arudi nyumbani salama.

Mashati mawili

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimshinda Charles, na Januari 1649 akafikishwa mahakamani. Alikataa kuvua kofia na kukataa kujibu mashtaka, akiuliza ni sheria gani inayoruhusu mfalme ashtakiwe. Mwendesha mashtaka, John Cook, alipokuwa anaanza kusema, mfalme alimgusa begani na bakora yake ili amnyamazishe. Kichwa cha fedha cha bakora kikachomoka, kikaanguka sakafuni. Charles akangoja. Maisha yake yote palikuwa na mtu wa kumwokotea kitu. Hakuna aliyejongea. Akainama, akakiokota mwenyewe, na waliokuwapo hawakukisahau kitendo hicho kidogo.

Watu 59 walitia sahihi hati ya kifo chake. Asubuhi ya Januari 30 kulikuwa na baridi kali, naye akaomba mashati mawili. Alichelea kutetemeka kwa baridi, watu wakadhani ni woga.

Mkono wa mfalme ni dawa

Waingereza na Wafaransa waliamini kwamba mfalme wao wa haki akimgusa mtu mwenye uvimbe wa tezi za shingoni, mgonjwa atapona. Charles II, mtoto wa yule aliyekatwa kichwa, aliwagusa watu zaidi ya elfu tisini. Aliyetaka kuthibitisha kwamba ufalme umerudi kwa mwenyewe alihitaji ushahidi wa namna hiyo. William III, aliyewekwa na Bunge, hakutaka hata kusikia habari hizo. Inasimuliwa kwamba mgonjwa mmoja aliposhikilia, William alimwombea Mungu ampe afya njema na akili zaidi. Malkia Anne akairudisha desturi hiyo, na mwaka 1712 akamgusa mtoto Samuel Johnson, ambaye baadaye aliandika kamusi maarufu ya Kiingereza. Johnson aliivaa shingoni maisha yake yote sarafu aliyopewa siku hiyo. Ugonjwa haukumtoka.

Serikali iliyotupwa mtoni

Usiku wa Desemba 11, 1688, mfalme James II wa Uingereza alikuwa anaikimbia London. William wa Orange, mkwe wake kutoka Uholanzi ambaye baadaye akawa William III, alikuwa ametua na jeshi mwezi uliotangulia. James alichukua Muhuri Mkuu wa dola, ambao bila huo hati haikuwa halali, akautumbukiza katika mto Thames. Alidhani serikali itazama nao. Haikuzama. Yeye mwenyewe alikamatwa pwani ya Kent na wavuvi waliomdhania padri aliyejificha, wakampekua mifukoni. Alirudishwa London, na William, ambaye hakuwa na haja ya mateka wa aina hiyo, akamwachia nafasi ya kutoroka tena.

Bunge likatangaza kwamba kiti ki wazi, likamkaribisha William na mkewe Mary pamoja na orodha ya masharti. Sheria ya Haki ya mwaka 1689 ilikataza kutoza kodi bila idhini ya Bunge, kusimamisha sheria kwa amri ya mfalme, na kuweka jeshi la kudumu wakati wa amani bila ruhusa. Sheria ya nidhamu ya jeshi nayo ilipitishwa kwa mwaka mmojammoja, na mfalme aliyetaka askari wake wabaki chini ya sheria alirudi Bungeni kuihuisha.

Aliyefungwa mikono ndiye aliyekopeshwa

Hiki ndicho kisa kinachofafanua vingine vyote. William III na Louis XIV walipigana vita vilivyoanza 1688 na kwisha 1697. Louis alikuwa na nchi kubwa zaidi, watu wengi zaidi, na hakuna Bunge la kumuuliza. Mwishoni mwa 1689 aliamuru samani za fedha tupu za Versailles, meza, vinara, vyungu vya michungwa na hata viti, zipelekwe kiwandani zikayeyushwe kuwa sarafu. Kazi ya mikono ya mafundi bora wa zama zile iliishia mifukoni mwa askari.

William, mfalme wa masharti, alifuata njia nyingine. Mwaka 1694 ilianzishwa Benki ya Uingereza, na watu binafsi wakaikopesha serikali pauni milioni 1.2 kwa riba ya asilimia 8. Fedha zote zilipatikana kwa muda usiofika majuma mawili.

Kwa nini? Jiweke mahali pa mfanyabiashara mwenye akiba. Ukimkopesha mfalme asiyeulizwa, siku ya kulipa ikifika anaweza kukwambia hana, au kukata riba, au kukufungulia mashtaka ya wizi. Wafalme wa Ufaransa waliyafanya hayo yote. Ukilikopesha Bunge, wanaopitisha kodi ya kukulipa ni watu kama wewe, na baadhi yao wamekopesha pia. Kumbe zile kamba zilizomfunga William ndizo zilizowafanya watu waache milango ya makasha yao wazi. Louis aliweza kuamuru lolote, isipokuwa kuaminiwa.

Kuku mgeni

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Malkia Anne alipofariki mwaka 1714 bila mtoto aliye hai, kulikuwa na ndugu zaidi ya 50 waliomkaribia kwa damu kuliko George wa Hanover. Wote walikuwa Wakatoliki, na sheria ya Bunge ya 1701 iliwafungia njia. Akaletwa George, Mjerumani ambaye Kiingereza hakikumkaa vizuri mdomoni, akijua fika nani amempa kiti. Anne mwenyewe ameacha rekodi yake: mwaka 1708 alikataa kutia idhini muswada wa askari wa mgambo wa Scotland, na tangu hapo hakuna aliyevaa taji hilo aliyekataa muswada uliopitishwa na Bunge.

Katiba ya kusema hakuna katiba

Denmark ilifanya jambo ambalo halikufanyika kwingine Ulaya: iliandika ukomo wa mfalme kwa kuandika kwamba hana ukomo. Sheria ya Mfalme ya 1665 ilimpa Frederik III na wazao wake mamlaka yote, ya kutunga sheria, kuteua maofisa, kutangaza vita na kutoza kodi. Akabakishiwa makatazo machache: asiiache imani ya Kilutheri, asiigawe nchi, na asiyapunguze mamlaka hayo. Yaani mfalme aliweza kila kitu ila kuacha kuweza. Hati yenyewe ilifichwa, na wananchi hawakuiona imechapishwa hadi 1709.

Mfalme mhuri

Ng'ambo ya mlango wa bahari, Sweden ilikwenda upande wa pili. Baada ya vita vya Karl XII kuifilisi nchi, tangu 1719 madaraka yalikuwa kwa Bunge la matabaka manne, mojawapo likiwa la wakulima, jambo la nadra enzi hizo. Mfalme Adolf Fredrik alipogoma kutia sahihi maamuzi, mwaka 1756 Bunge lilikubali kwamba baraza la nchi litumie mhuri wenye jina lake. Karatasi ikiwekwa mezani, mfalme akinuna, karani anachovya mhuri kwenye wino na kugonga. Mambo yakaenda hivyo hadi Agosti 1772, mwanawe Gustav III alipopindua utaratibu huo kwa msaada wa askari.

Sauti moja iliyovunja nchi

Usidhani kila kamba ilifungwa vizuri. Poland ilimchagua mfalme wake kwa kura za makabaila, na aliyechaguliwa alitia sahihi masharti kabla ya kuvishwa taji. Henri wa Ufaransa, aliyechaguliwa 1573, alikaa huko miezi michache. Kaka yake alipofariki, akachomoka usiku kutoka kasri la Kraków, Juni 1574, akaenda kurithi kiti cha Ufaransa huku Wapoland wakimfukuzia kwa farasi.

Tatizo kubwa lilianza 1652. Mbunge Władysław Siciński alikataa kikao kiongezewe muda, na wenzake wakakubali kwamba sauti yake peke yake inatosha. Tangu hapo kura ya turufu ya mbunge mmoja iliweza kuvunja kikao na kufuta yote yaliyopitishwa ndani yake. Urusi na Prussia hazikuhitaji jeshi kuizuia Poland isijiimarishe. Zilihitaji kumlainisha mbunge mmoja tu. Hazina haikujaa, jeshi halikukua. Katiba ya Mei 3, 1791 ilifuta kura hiyo, lakini majirani walikwisha kunoa visu. Kufikia 1795 Poland ilikuwa imegawanywa yote, na haikurudi kwenye ramani hadi 1918.

Karatasi iliyochanwa

Warusi walikwisha kumzoea Peter Mkuu, aliyewanyoa makabaila ndevu kwa mkono wake mwaka 1698 na baadaye akawatoza kodi waliotaka kubaki nazo. Mlipaji alipewa kipande cha chuma chenye picha ya pua, masharubu na ndevu kama stakabadhi. Mwaka 1730 kiti kikawa wazi, na baraza dogo la wakubwa likamwita Anna, binti wa kaka yake Peter, kwa sharti la kutia sahihi hati: asiolewe, asiteue mrithi, asitangaze vita wala kutoza kodi bila wao. Akatia sahihi. Alipofika Moscow akagundua kwamba makabaila wadogo na askari wa ikulu waliwachukia wale wakubwa kuliko walivyomwogopa mtawala. Mwezi mmoja haujatimia sawasawa akaiomba ile karatasi, na mbele yao wote akaichana. Katiba iliyoandikwa na watu wanane kwa faida ya watu wanane ilikosa wa kuilinda.

Msaga nafaka na hakimu

Wajerumani wana hadithi ya msaga nafaka aliyekuwa jirani na kasri la Sanssouci. Kinu chake cha upepo kilimkera Frederick II wa Prussia, mfalme akatishia kukichukua, naye akamjibu kwamba Berlin kuna mahakama. Ni hadithi tu. Kisa cha kweli ni cha Christian Arnold, mwenye kinu cha maji, aliyegoma kulipa kodi ya pango kwa madai kwamba bwana mmoja mkubwa juu ya kijito amechimba mabwawa ya samaki na kumpunguzia maji. Mahakama zikaona hana hoja. Frederick, akiamini wakubwa wanamwonea mnyonge, mwaka 1779 akamfukuza mkuu wa mahakama na kuwatia mahakimu gerezani. Watu wa chini walishangilia. Mfalme alipofariki 1786 jalada likafunguliwa upya, na ikaonekana mahakimu walikuwa wamehukumu sawa. Moyo mwema wa mfalme ulikuwa umewafunga watu wasio na kosa, na hapakuwa na mlango wa kumgongea.

Mlango wa pili

Turudi Versailles. Baraza Kuu la Matabaka la Ufaransa, lenye desturi ya kukubali kodi mpya, liliitwa 1614 kisha likasahauliwa. Wafalme walijitapa kwamba wanatawala bila hilo, huku wakikopa kwa riba kubwa, wakiuza vyeo, na kuwaacha makabaila na mapadri nje ya kodi kuu ya nchi. Kufikia 1788, karibu nusu ya matumizi ya dola ilikuwa ni kulipa madeni. Louis XVI akaliita Baraza hilo baada ya miaka 175. Lilifunguliwa Mei 5, 1789, kwa sababu ileile iliyomrudisha Charles I kwa wabunge wake: mfuko mtupu.

Asubuhi ya Juni 20, wawakilishi wa watu wa kawaida walifika ukumbini wakakuta pamefungwa na askari wamesimama. Waliambiwa maseremala wamo ndani wanautengeneza ukumbi kwa ajili ya hotuba ya mfalme. Mvua ilikuwa inanyesha. Wakatafuta jengo la karibu lililo wazi, wakapata uwanja wa ndani wa mchezo wa mpira wa raketi, mtupu, hauna hata viti. Humo wakaapa hawatatawanyika hadi nchi ipate katiba.

Mlango wa Bunge la Uingereza hufungiwa mjumbe wa mfalme, akagonga mara tatu, akafunguliwa kutoka ndani. Ule wa Versailles mfalme aliwafungia watu wake, na hao hawakugonga.